Mtihani wa historia bila darasa: somo kwa mfanyakazi anayejisomea

Ndugu msomaji, ni nyumba chache za mjini siku hizi zisizo na ndugu aliye ng'ambo. Picha yake imetundikwa sebuleni, amevaa koti zito la baridi. Sauti yake husikika simuni siku za Jumapili. Na kila anapoulizwa habari za huko hujibu maneno yale yale mawili: nafanya kazi, na nasoma. Neno la kwanza twalielewa. La pili hatulichunguzi. Anasoma nini, anasoma saa ngapi, na ada anaitoa wapi, hayo hubaki huko huko aliko.

Mwezi Februari mwaka 2022 jambo hili liliingia nyumbani mwa dada yangu, Temeke, kwa namna iliyotulazimisha kulichunguza. Binti yake, ambaye ni mpwa wangu, anaishi Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, alikomfuata mumewe. Usiku hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana ni mama wa watoto wawili. Na katikati ya hayo mawili anatafuta shahada ya uuguzi katika chuo cha umma. Siku hiyo alimpigia simu baba yake, akamwamkia, kisha akasema: "Baba, nilikwenda kufanya mtihani wa historia ya Marekani bila ya kukaa darasani hata siku moja. Nimeanguka. Naomba mnivumilie miezi michache zaidi."

Kuvumiliana huko kulikuwa na maana yake. Kila mwezi mpwa wangu alikuwa akituma fedha za dawa za shinikizo la damu la baba yake. Mwanzoni mwa mwaka ule aliomba ruhusa apunguze kiasi anachotuma ili alipe ada ya muhula, na mzee akakubali. Sasa ameanguka, na muda wa kupunguza unarefuka. Shemeji yangu alikata simu, akanyamaza kwa kitambo, halafu akaniambia: "Shemeji, umesikia wapi mtihani wa chuo kikuu usio na mwalimu? Mtoto huyu asije akawa ameuziwa karatasi."

Swali la shemeji yangu lilikuwa la haki. Yeye ni mstaafu wa bandari ya Dar es Salaam, aliyefanya kazi miaka 31 ya kuhesabu shehena, na ameona karatasi nyingi zilizosema mambo ambayo hayakuwamo sandukuni. Nikamwahidi kwamba nitaulizia mpaka nielewe. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyaelewa, nami nayaeleza kwa kuwa huenda na nyumbani kwako, ndugu msomaji, swali kama hilo limekwisha kuulizwa au liko njiani.

KREDITI NI NINI?

Katika vyuo vya Marekani shahada hupimwa kwa vipimo vinavyoitwa krediti. Somo moja la kawaida, lenye vipindi vya saa tatu kwa juma kwa muda wa muhula mzima, huhesabiwa kuwa krediti 3. Shahada ya kwanza huhitaji krediti zipatazo 120. Mwanafunzi hulipa ada kwa kadiri ya krediti anazojiandikisha, kwa hiyo kila somo analolipunguza ni fedha zinazobaki mfukoni na ni jioni nyingi zinazorudi nyumbani.

Pengine utauliza, kama alivyouliza shemeji yangu: muuguzi na historia wapi na wapi? Jibu ni kwamba jimbo la Texas lina sheria inayomtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo cha umma apate krediti 6 za historia ya Marekani, awe anasomea uuguzi, uhandisi au biashara. Haiwezekani kukwepa. Lakini sheria hiyo hiyo inakiruhusu chuo kumhesabia mwanafunzi krediti hizo ikiwa amefaulu mtihani unaothibitisha kwamba somo hilo tayari analijua.

Mtihani wenyewe ni mmojawapo katika mpango uitwao College-Level Examination Program, au kwa kifupi CLEP, unaoendeshwa na College Board, chama cha vyuo na shule kilichoanzishwa mwaka 1900. Mpango huo ulianza mwaka 1967. Nia yake ni nyepesi kuieleza: mtu mzima aliyejifunza jambo kazini, jeshini, maktabani au nyumbani kwake asilazimishwe kulipia na kukalia darasa la jambo analolijua. Apimwe. Akifaulu, ahesabiwe.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu shemeji alitikisa kichwa, akasema kwamba fikra hiyo si ngeni kwetu. Ni kweli. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwafungulia mlango wa chuo kikuu watu wazima waliotoka makazini. Wako wengi waliofanya Mtihani wa Maarifa wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, wakauvuka, wakaendelea na kidato cha nne. Na Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kuwatambua watu wenye maarifa waliyoyapata nje ya darasa, ambao nao hupimwa kwa mtihani. Tofauti ni kwamba huko Marekani mtihani mmoja huondoa somo moja katika hesabu ya shahada.

MTIHANI WENYEWE

Historia ya Marekani imegawanywa mitihani miwili. Wa kwanza huanzia siku za makoloni ya awali na kukoma mwaka 1877. Wa pili huanzia mwaka 1865 na kufika nyakati zetu. Mpwa wangu aliuanza wa kwanza. Una maswali 120, na muda ni dakika 90. Piga hesabu, ndugu msomaji: ni sekunde 45 kwa kila swali, pamoja na kulisoma. Kila swali lina majibu matano, na mtahiniwa huchagua moja. Hufanywa kwa kompyuta. Alama huanzia 20 na kuishia 80, na kiwango kinachopendekezwa kwa vyuo kuwa ni kufaulu ni 50. Mpwa wangu alipata 46.

Huo ulikuwa upungufu wa alama nne tu. Lakini kanuni inasema aliyeanguka asiurudie mtihani ule ule mpaka ipite miezi mitatu. Akapewa basi miezi mitatu ya kufikiri, na jambo la kwanza alilofikiri lilikuwa hili: nimekosea wapi?

KOSA LA KWANZA

Alikosea mahali ambapo wengi wetu tungekosea. Aliazima maktabani kitabu kinene cha historia, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kukariri. Tarehe, majina, vita, majina tena. Ndivyo tulivyosoma shuleni, na wengine wetu tulichapwa kwa kutokujua mwaka. Miezi miwili ikapita yuko kwenye safari za Christopher Columbus na walowezi wa Jamestown waliofika mwaka 1607. Siku za mwisho alizipitia kurasa mia tatu zilizobaki kwa mwendo wa mtu anayekimbilia basi.

Kumbe maelezo ya mtihani, ambayo hutolewa wazi kwa kila mtu, yanasema kwamba maswali ya kipindi cha tangu mwaka 1500 hadi 1789 ni kiasi cha asilimia 30 tu. Asilimia 70 ni ya kipindi cha 1790 hadi 1877. Alikuwa ametumia nguvu zake nyingi mahali penye maswali machache. Aidha, maelezo hayo yanaonyesha kuwa siasa na taasisi zake ni asilimia 35, maisha ya jamii asilimia 25, fikra na utamaduni asilimia 15, mambo ya nchi za nje asilimia 15, na uchumi asilimia 10. Mkulima hapandi kabla hajalikagua shamba. Yeye alipanda kwanza.

Kosa la pili lilikuwa la kukariri tarehe bila ya kuuliza sababu. Mtihani wa namna hii hauulizi sana, "Sheria ya Kansas na Nebraska ilipitishwa mwaka gani?" Huuliza, "Lipi kati ya haya lilikuwa tokeo lake?" Mpwa wangu alijua vyema kwamba ni mwaka 1854. Alichokuwa hakijui ni kwamba sheria hiyo ilifuta mpaka uliowekwa na mapatano ya mwaka 1820 kati ya maeneo ya utumwa na yasiyo ya utumwa, ikawaachia walowezi waamue wenyewe, na kwa hiyo ikauwasha upya ugomvi ambao ulizaa chama cha Republican na, miaka saba baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Basi akabadili mwendo. Alinunua daftari la kurasa mia mbili, na ukurasa wa kwanza akachora ngazi ya vipande kumi: 1607, 1776, 1787, 1803, 1820, 1846, 1854, 1861, 1865 na 1877. Jamestown, tangazo la uhuru, katiba, ununuzi wa eneo la Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, mapatano ya Missouri, vita na Mexico, Kansas na Nebraska, kuanza kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwisha kwake, na kuondolewa kwa ulinzi wa majeshi ya serikali kuu katika majimbo ya Kusini. Kila alichokisoma baada ya hapo alikitundika kwenye mojawapo ya vipande hivyo, na chini yake akaandika mistari miwili tu: kwa nini kilitokea, na kilileta nini.

Akajipangia saa. Hutoka kazini alfajiri, huwapeleka watoto shule, kisha husoma saa moja kabla ya kulala, simu ikiwa chumba kingine. Saa moja tu, lakini kila siku. Jioni binti yake wa miaka tisa huchukua vikadi na kumwuliza mama maswali huku mama akipika. Mumewe, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa akirudi Ijumaa, na Jumamosi asubuhi yeye ndiye aliyewachukua watoto bustanini ili nyumba iwe kimya. Naliandika hili makusudi, ndugu msomaji wa kiume. Mtahiniwa aliyeandikwa alikuwa mmoja, lakini waliousomea mtihani ule walikuwa nyumba nzima.

KITAMBAA CHA MERIKANI

Hata hivyo, jambo lililomfungua akili halikutoka kitabuni peke yake. Siku moja alikuwa akisoma habari za pamba. Kitabu kilisema kwamba mashine ya kuchambua pamba, aliyoibuni Eli Whitney mwaka 1793, iliifanya pamba ya Kusini kuwa na faida kubwa. Na badala ya utumwa kufifia kama baadhi ya watu walivyotumaini, ukaenea mpaka Texas. Pamba hiyo ikapelekwa kwenye viwanda vya Kaskazini, hasa jimbo la Massachusetts, ikafumwa vitambaa.

Hapo akakumbuka neno la bibi yake mzaa baba: merikani. Sisi wenye umri wetu tunalijua. Kaniki na merikani! Kitambaa kile kizito, cha rangi ya maziwa, kilichokuwa kikiuzwa kwa mikono na dhiraa. Akanipigia simu saa za usiku kwetu: "Shikamoo mjomba. Merikani ilikuwa inatoka wapi?"

Jibu liko katika historia yetu na yao pia. Mwaka 1833 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani kwa mkono wa Edmund Roberts. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem huko Massachusetts, alifika Unguja. Merikebu za Salem zilileta kitambaa kilichofumwa kwa pamba ile ya Kusini, na watu wa pwani wakakipa jina la nchi kilikotoka. Wapagazi wakakibeba mpaka Unyanyembe na Ujiji. Huko bara kilitumika kama fedha: kwacho msafara ulilipa hongo ya kupita, ulinunua chakula, ulinunua pembe za ndovu. Na sehemu kubwa ya pembe hizo ilivuka bahari kwenda jimbo la Connecticut, ikachongwa kuwa vitufe vya piano za sebuleni.

Fikiria mzunguko huo, ndugu msomaji. Mtumwa anachuma pamba Alabama. Mfanyakazi wa kiwandani anaifuma Massachusetts. Mpagazi wa Kinyamwezi anakibeba kitambaa begani. Na ndovu anaanguka kwenye nyika za Tanganyika ili binti wa tajiri wa New York ajifunze muziki. Vita vilipoanza mwaka 1861 na bandari za Kusini zikafungwa, viwanda vya Kaskazini vilikosa pamba, na huku Unguja merikani ikawa adimu na ghali.

Tangu siku ile, aliniambia mpwa wangu, historia ya Marekani haikuwa tena historia ya watu wengine. Uchumi wa Kusini, ugomvi wa ushuru, upanuzi wa nchi kuelekea magharibi, vyote vilikaa katika mkunjo mmoja wa kitambaa ambacho bibi yake alikifunga kiunoni. Na jambo ulilolihusisha na maisha yako halikutoki upesi.

BIBI WA CHUMBA CHA MWISHO

Kuna la pili. Katika nyumba ile ya wazee alikuwamo bibi mmoja Mmarekani mweusi, wa miaka 96, ambaye usingizi wake ulikuwa mwepesi. Mpwa wangu alipokwenda kumgeuza usiku alimkuta macho. Bibi akamwuliza: "Unasoma nini siku hizi, maana midomo yako inachezacheza?" Akamjibu kwamba anajaribu kukumbuka habari za tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa, la tarehe 1 Januari 1863.

Bibi akacheka kidogo. Akasema kwamba bibi yake yeye alikuwa mtoto wa miaka saba, mtumwa, katika shamba la huku huku Texas, na kwamba mwaka 1863 hakuna aliyewaachia. Waliendelea kulima miaka miwili na zaidi. Uhuru wao ulifika na askari: tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alitangaza katika mji wa Galveston, si mbali na Houston, kwamba watumwa wote wa Texas wako huru. Bibi huyo alikuwa na miaka kumi na mitano wakati bibi yake alipofariki, kwa hiyo habari hiyo aliisikia kwa masikio yake kutoka kwa aliyeyaona.

Mpwa wangu aliniambia kwamba alisimama pale kitandani, shuka mkononi, akaelewa jambo ambalo kitabu kilikuwa kimelieleza mara tatu bila ya yeye kuliona: kwamba sheria iliyotangazwa na sheria iliyofika ni vitu viwili. Tangazo la 1863 liliyahusu maeneo yaliyokuwa yakiiasi serikali, na pale ambapo majeshi hayajafika lilibaki karatasi. Utumwa ulikomeshwa nchini kote kwa badiliko la 13 la katiba, Desemba 1865. Badiliko la 14, mwaka 1868, likawapa uraia. La 15, mwaka 1870, likakataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi. Kisha, baada ya 1877, haki hizo zikanyofolewa moja moja katika Kusini. Siku ya 19 Juni ilifanywa sikukuu ya taifa zima mwaka 2021 tu.

Kuanzia hapo kila usiku, kazi zilipopungua, bibi alikuwa akimwuliza swali moja. Akikosea, bibi hutikisa kidole.

SIKU YA MTIHANI

Mwishoni mwa Juni 2022, siku ya Jumamosi, alikwenda tena. Safari hii aliomba ruhusa asifanye kazi usiku uliotangulia, maana mara ya kwanza alitoka zamu akaingia moja kwa moja kwenye mtihani, naye anakiri kwamba maswali thelathini ya mwisho aliyasoma kama mtu anayesoma chini ya maji. Alifika nusu saa mapema. Akaonyesha kitambulisho, akaweka simu na mkoba wake katika kabati, akapewa karatasi ya kuandikia hesabu zake na kuketishwa mbele ya kompyuta.

Haruhusiwi kueleza maswali aliyoulizwa, nami sikumwuliza. Lakini namna alivyoyakabili ni fundisho kwa mtihani wowote wa kuchagua jibu. Kwanza, alipita maswali yote akijibu yale anayoyajua, na yaliyomtatiza akayatia alama ya kuyarudia. Hakukubali kushindana na swali moja dakika tatu. Pili, alipokuwa hana hakika, alianza kwa kuyafuta majibu ambayo hayawezi kuwa kweli. Mara nyingi kati ya matano yalibaki mawili. Tatu, alilitazama kwa makini neno "isipokuwa", ambalo hugeuza swali juu chini na kumwangusha mwenye haraka. Nne, hakuacha swali lolote wazi, kwa sababu katika mtihani huu jibu lenye kosa halipunguzi alama.

Zilipobaki dakika sita alikuwa amemaliza. Akabonyeza kitufe cha mwisho. Kompyuta haimpi mtu muda wa kuomba dua: alama hutokea pale pale. Ilikuwa 59.

TAHADHARI

Nisingependa, ndugu msomaji, umwandikie mwanao aliye Marekani leo jioni ukimwamuru afanye mitihani yote. Yako mambo ya kuangalia kwanza.

La kwanza, si kila chuo kinaukubali mtihani huu, na vinavyoukubali havifanani. Kimoja huukubali kwa alama 50, kingine hutaka zaidi. Kingine hukubali somo hili na kukataa lile. Mwanafunzi aulize ofisi ya usajili ya chuo chake, apate jibu kwa maandishi, ndipo alipe. Ada ya mtihani inakaribia dola 100, na mara nyingi kituo hutoza malipo yake juu ya hayo. Ni kiasi kidogo sana kikilinganishwa na ada ya somo la muhula, lakini ni fedha ya mtu.

La pili, ipo njia ya kujiandaa bila ya gharama. Maktaba za umma zinaazima vitabu vya historia na vya mazoezi. Na shirika moja lisilo la faida, Modern States, hutoa masomo ya bure ya kutayarishia mitihani hii, na anayemaliza somo anaweza kuomba alipiwe ada ya mtihani. Mpwa wangu aliligundua hilo baada ya kuanguka mara ya kwanza. Laiti angeuliza mapema.

La tatu, watahadhari na wauza njia za mkato. Anayedai kwamba atakupatia alama bila ya wewe kukaa mbele ya mtihani ni mwizi, na anayekubali ni mshirika wake. Hapa ndipo hofu ya shemeji yangu ilipokuwa, nami siilaumu.

La nne, krediti za mtihani humpunguzia mtu darasa, hazimpunguzii kujua. Muuguzi hawezi, wala hapaswi, kuruka mazoezi ya wodini kwa mtihani wa dakika 90.

SIMU YA JUMAPILI

Jumapili ile simu ilipolia tulikuwa sote barazani. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Haya, sema." Akasema. Dada yangu akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Shemeji hakusema neno kwa muda, kisha akauliza, si habari ya alama, bali hivi: "Yule bibi amesemaje?"

Mpwa wangu akajibu kwamba bibi alitaka kujua ni maswali mangapi aliyoyakosa.

Mwaka uliofuata aliufanya mtihani wa pili, unaoanzia mwaka 1865, akaufaulu kwa mara ya kwanza, akazikamilisha krediti zake 6 za historia. Fedha za dawa zilikwisha kurudi katika kiasi chake tangu kabla ya hapo. Lakini lililobaki moyoni mwangu ni maneno aliyoyasema shemeji usiku ule, tulipokuwa tumebaki wawili na redio imezimwa.

"Shemeji," aliniambia, "mimi nimehesabu shehena miaka 31. Nilijua kwa kuigusa gunia tu kama korosho imelowa. Nilijua meli ipi imepakiwa vibaya kabla nahodha wake hajajua. Hakuna aliyeniuliza. Kama ungekuwako mtihani wa mambo yale, ningekwenda kukaa mbele yake."

Alikuwa na miaka 76. Sikuwa na la kumjibu usiku ule. Lakini siku ya pili niliona daftari jipya mezani kwake, na kalamu juu yake, na ukurasa wa kwanza alikuwa amechora ngazi. Kipande cha chini kabisa alikiandika mwaka 1968, mwaka alioingia bandarini.

Basi nawe, ndugu msomaji, kama wajiandaa kwa mtihani ukiwa mtu mzima, usione haya ya umri wala ya kuanguka mara moja. Uliza kwanza mtihani wataka nini. Jipangie saa yako, uwaombe wa nyumbani wakulindie. Tafuta sababu ya kila jambo. Na kama nyumbani kwako yumo mzee mwenye usingizi mwepesi, kaa naye. Yumkini anayo sehemu ya jibu.